MAFUTA YAKIMWAGIKA KIJIJINI, AYAZOE NANI?

(Haya ni mazungumzo na wananchi wa Nyanda za Juu Kusini. Tunayachapa ili na wewe msomaji usiyekuwapo uyapate.)



Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Leo tuzungumzie mafuta. Mafuta yakimwagika huzoleka. Maarifa ya kuyazoa yapo na sheria ipo. Swali linalotuhusu sisi walalahoi ni moja tu: ayazoe nani, na kwa fedha ya nani?

TUMEKUWA NJIA YA WENGINE

Tuanze na historia. Novemba 11, 1965, Ian Smith wa Rhodesia alijitangazia uhuru wa walowezi. Zambia, iliyokuwa ikipata mafuta yake kupitia kusini, ikabanwa koo. Mafuta yakaanza kupita kwetu. Malori yalibeba mapipa juu ya barabara ya vumbi na tope, kutoka Iringa hadi Mbeya hadi Tunduma. Barabara ile ilipewa jina la Njia ya Jehanamu, na walioipita walijua kwa nini. Mwaka 1968 likakamilika bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, likiwa na vituo vya kusukumia mafuta hapa kwetu Iringa na Mbeya.

Hatulalamikii hilo. Ilikuwa kazi ya ukombozi na wazee wetu waliifanya kwa moyo mmoja. Lakini tangu siku zile mpaka leo, mafuta ya watu wengine yanapita mlangoni petu usiku na mchana. Malori yanapanda Kitonga kwenda Zambia na Kongo. Mengine yanakata Uyole kushuka Tukuyu na Kyela kwenda Malawi. Na lile bomba lililokuwa likipitisha mafuta ghafi, tangu mwaka 2023 linapitisha dizeli. Anayepitisha mzigo kwenye uwanja wa jirani hana budi kumwambia jirani: ukidondoka, nitafanya hivi na hivi. Je, wewe msomaji ambaye shamba lako linapakana na barabara au bomba, umeshaambiwa?

MOTO UKIZIMIKA, WAKUBWA HUONDOKA

Tunazijua ajali zenye moto. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, pale Idweli, wilayani Rungwe, lori la mafuta lilipinduka na makumi ya watu wakateketea. Januari 31, 2009, Sachangwan nchini Kenya, walikufa zaidi ya 100. Julai 2, 2010, Sange, Kivu ya Kusini, walikufa zaidi ya 200. Agosti 10, 2019, Msamvu, Morogoro, tukazika wenzetu zaidi ya 100.

Kila mara mambo ni yale yale. Wakubwa wanafika, rambirambi zinatolewa, tume inaundwa, kisha mwananchi anahubiriwa kwamba ameponzwa na tamaa. Nami nasema bila kumung'unya maneno: usiende kuchota, na usimruhusu mwanao kwenda. Mvuke wa petroli hauonekani. Ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini mpaka mabondeni, na cheche moja ya pikipiki inatosha. Lakini mtu anayekubali kuhatarisha ngozi yake kwa ajili ya dumu la lita 20 haponi kwa mahubiri peke yake. Wanaomhubiria wajiulize pia kwa nini dumu moja limekuwa na thamani kubwa kiasi hicho kwake.

Sasa tazama jambo la pili, ambalo halitangazwi. Je, lori likipinduka bila moto? Hakuna maiti, hakuna kamera, hakuna mkubwa anayekuja. Lori linavutwa na breakdown, barabara inafunguliwa, na jioni watu wanasema ajali imekwisha. Ndugu zangu, kwa kijiji ajali ndiyo kwanza inaanza.

MAFUTA HUENDA WAPI?

Petroli iliyo juu ya ardhi sehemu yake huruka na hewa. Iliyobaki, pamoja na dizeli ambayo hairuki upesi, huzama. Udongo wa Rungwe ni wa volkano, mwepesi na wenye vinyweleo. Unapitisha maji vizuri, ndiyo maana tuna chemchemi nyingi, na kwa sababu hiyo hiyo unapitisha na mafuta. Mafuta yakifika kwenye maji ya chini ya ardhi huelea juu yake na kusafiri nayo taratibu. Kwa hiyo lori laweza kupinduka kiangazi, na harufu ikatokea kwenye chemchemi ya chini ya mlima mvua zikishanyesha, wakati dereva amekwishasahaulika.

Ndani ya petroli mna kemikali iitwayo benzini, ambayo husababisha saratani ya damu kwa mtu anayeipata kwa muda mrefu. Kuchemsha maji hakuondoi hatari hiyo, na kuyaweka jikoni maji yenye petroli ni kukaribisha moto. Dawa ya klorini haisaidii, kwa maana inaua vijidudu tu. Maji yakinuka mafuta, funga chemchemi hiyo, usinywe, usipikie, usinyweshe ng'ombe.

Wala asijidanganye mtu kwamba hiyo ni shida ya kijiji kimoja. Vijito vya milima yetu vinashuka Usangu, kwenye mashamba ya mpunga, vinaingia Ruaha Mkuu na kwenda Mtera na Kidatu. Vya upande wa pili vinaingia Kiwira na kuishia Ziwa Nyasa. Mto haujui mpaka wa wilaya.

KIJIJI KIFANYE NINI?

Kwanza ni usalama. Watu wakae mbali, upande ule upepo unakotoka. Mioto ya jikoni iliyo karibu izimwe, pikipiki zisiwashwe. Piga 114, Zimamoto. Hakuna anayegusa chochote mpaka wataalamu waseme hatari ya moto imepita.

Pili, mafuta yazuiwe yasifike majini. Tuta la udongo na mfereji mfupi vyaweza kuokoa kijito kizima. Kama yamekwishaingia kijitoni, iko mbinu rahisi: ziba kijito kwa viroba vya mchanga, na katikati laza bomba pana la plastiki. Mdomo wa bomba unaotazama maji yanakotoka uzame chini kabisa, na ule wa upande wa pili uinuke kidogo. Maji yatapita chini, mafuta yataelea nyuma ya viroba yakingoja kuondolewa na wenye vifaa.

Tatu, mafuta yanyonywe. Mbarali kuna milima ya pumba za mpunga, na Mufindi, palipo na shamba kubwa la miti la Sao Hill, vumbi la mbao limejaa viwandani. Vyote viwili hunyonya mafuta. Kwa nini havihifadhiwi magunia kadhaa kwenye kila ofisi ya kata iliyo kando ya barabara kuu? Ila pumba zikishalowa mafuta zisichomwe wala zisitupwe korongoni. Zitiwe kwenye mapipa mpaka zichukuliwe.

Nne, udongo. Udongo uliolowa dizeli uchimbwe na utandazwe juu ya plastiki nzito mbali na maji, uchanganywe na samadi, ulowanishwe kidogo na kugeuzwa mara kwa mara. Wamo bakteria ndani ya udongo wanaokula mafuta, na samadi inawapa nguvu. Ni kazi ya miezi, na ni maabara itakayosema kama imekamilika. Mtu wa bima akiutazama kwa macho na kusema umepona, hiyo si maabara.

Kazi hizo zifanywe chini ya wataalamu, tena kwa gharama ya aliyemwaga. Zisigeuzwe kuwa msaragambo, wanakijiji wakazoa sumu ya tajiri kwa mikono mitupu.

SHERIA IPO, MENO YAKO WAPI?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20 ya mwaka 2004, inampa kila mtu aishiye Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inamruhusu kwenda mahakamani kuidai. Inasema mchafuzi ndiye alipe. Ilimpa msimamizi wa mazingira wa taifa, NEMC wakati huo, uwezo wa kumwamuru mchafuzi arudishe ardhi katika hali yake. Na Katiba, Ibara ya 18, inasema mwananchi ana haki ya kupewa taarifa za matukio muhimu kwa maisha yake. Mafuta ndani ya chemchemi si tukio muhimu?

Hapa nakukumbusha kitu. Mwaka 2010 serikali ilianza kutia vinasaba katika mafuta ili kuwanasa wachakachuaji waliokuwa wakichanganya mafuta ya taa na dizeli. Neno lile likapendwa mpaka wananchi wakalipeleka kwenye kura za mwaka ule ule! Lakini tafakari. Mafuta ya taa yakiingia kwenye dizeli, kodi inapotea, na kipimo kikapatikana. Dizeli ikiingia kwenye maji ya mwanakijiji, kipimo kinakuja lini? Kila lita unayonunua ina kodi na tozo ya barabara ndani yake. Kidogo katika hizo kingetosha kununua chupa za sampuli na nauli ya kuzipeleka maabara.

Basi usingoje hisani. Siku ya ajali, andika namba za gari, jina la mwenye mali na kampuni ya bima. Jaza maji ya chemchemi katika chupa safi za kioo, zibandikwe tarehe mbele ya mashahidi. Mwenyekiti aitishe mkutano mkuu wa kijiji, madai yaandikwe kwenye muhtasari, nakala ziende kwa mkurugenzi wa halmashauri, kwa wasimamizi wa mazingira na kwa ofisi ya bonde, liwe la Rufiji au la Ziwa Nyasa. Mtendaji akikwambia umechelewa au unaleta siasa, mwombe aandike jibu hilo kwenye karatasi na atie sahihi.

Tena msikubali kusaini fidia ya mahindi yaliyoungua huku karatasi hiyo hiyo ikisema hamna madai mengine. Mahindi ni ya msimu mmoja, lakini chemchemi ni ya wajukuu. Kwanza maji yapimwe, udongo usafishwe, ndipo kalamu ishikwe.

Na wale watakaokuja kwenu kuomba kura, wa chama chochote, wa kwetu wakiwamo, waulizeni: lori likipinduka hapa leo usiku, gari la zimamoto litatoka wapi, na litachukua saa ngapi? Asiyekuwa na jibu, mrudisheni alikotoka akalitafute.