Kwa Nini Vijana Wetu Wanaacha Chuo Njiani?
(Mawaidha yaliyotolewa kwa vijana na wazazi baada ya swala ya Tarawehe)



Baba zangu, mama zangu, na nyinyi vijana wenzangu. Kijana akipata barua ya chuo kikuu, mtaa mzima wajua. Akiacha chuo, hakuna ajuaye. Leo nataka tulizungumze hilo la pili.

Sababu ya kwanza ni karo. Hadi mwaka 2023, mwanafunzi aliyepelekwa na serikali alilipa shilingi 16,000 kwa mwaka. Mfumo ulioanza mwaka huo ulileta hesabu nyingine: kila mtu na kiwango chake, kulingana na hali ya nyumbani kwao, na ni lazima aombe mwenyewe msaada na mkopo. Asiyejaza fomu alihesabiwa kuwa ajiweza. Wangapi hapa walijua hayo? Tena wapo vijana wetu wanaoukimbia mkopo wa HELB kwa sababu ya riba ya asilimia 4. Mimi si wa kutoa fatwa, waulizeni masheikh. Lakini tukimwambia kijana asikope, na tusimpe njia nyingine, tumemwambia arudi nyumbani.

Pili ni kozi. Mtoto apenda umeme, mzee ataka aitwe mwalimu. Mwaka wa kwanza afeli, wa pili arudia mitihani, wa tatu hayupo. Na huko nje pesa za bodaboda zamwita, kamari ya simu yamwita, muguka wamwita. Kwa wasichana, mara nyingi ni posa: aambiwa atamalizia masomo kwa mume. Wangapi wamemalizia?

Sababu ya tatu ndiyo kubwa kwangu, nayo ni kunyamaza. Hapa nitajisema mwenyewe.

Nilikuwa mwaka wa pili. Baba aliugua, karo ikabaki nusu, na jina langu halikuwa kwenye orodha ya mtihani. Sikumwambia mtu. Kila asubuhi nabeba mkoba, mama anipa nauli, natoka. Naenda kukaa maskani mtaa wa pili hadi alasiri. Miezi mitano hivyo.

Ikaingia Ramadhani. Siku moja nikasema nina somo la jioni, nitafuturu huko huko. Mama akanihurumia, akafunga futari, akapanda matatu hadi chuoni. Pale langoni akaambiwa jina hilo halipo. Aliporudi alinikuta barazani. Hakupiga kelele. Alinipa chombo cha futari, akasema, "Kula kwanza, mwanangu." Nauli ile ilikuwa ya mahamri anayouza alfajiri.

Kesho yake tulikwenda naye kwa msajili. Tukaambiwa kumbe ningeandika barua mapema ya kuahirisha masomo, nafasi yangu ingewekwa. Barua ya ukurasa mmoja! Muda ulikuwa ushapita. Nilianza upya, stashahada, na wenzangu walikuwa wakijiandaa kuvaa majoho.

Vijana, jambo likikushinda, sema siku hiyo hiyo. Nenda kwa msajili au mkuu wa kitivo, uliza habari ya kuahirisha, na upate majibu kwa maandishi. Omba basari mapema, usingoje mtihani.

Wazazi, msiulize "umepita?" peke yake. Ulizeni, "karo imebaki ngapi? Wala vipi huko?" Mtoto anayeogopa aibu kuliko kufeli, sisi ndio tuliomfundisha.

Na jumuiya yetu: tunapochanga harambee za arusi, tuchange pia ya karo. Dini yetu ilianza na amri ya kusoma. Haifai kijana wetu aache kusoma kwa deni ambalo safu moja ya msikiti huu yaweza kulilipa.

Ikiwa yupo hapa usiku huu abebaye mkoba mtupu kila asubuhi, anione nje. Sitamuuliza jina la baba yake.