Mazungumzo ya Kikundi kwa Simu: Tuchague Njia Gani?

(Haya ni mazungumzo tuliyotoa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika hapa ili yasomwe na kujadiliwa vikundini.)



Siku hizi tukitembelea vikundi, kuna swali moja ambalo hatulikosi: "Tutumie nini ili tuwe tunaongea kabla ya siku ya mkutano kufika?" Vijana wanasema WhatsApp. Mwingine amesikia kwamba Telegram ni nzuri zaidi. Kikundi kingine kina tovuti ya kuuza vyondo, na kimeambiwa kiweke hapo sanduku la kuzungumza na wateja. Kila mtu ana lake. Lakini kule nyuma kuna mama amenyamaza, ameshika kabambe yake mkononi. Leo tunataka tuanze na huyo mama aliyenyamaza.

1. Hesabuni simu kwanza

Mkinunua jembe la kikundi, mnauliza ni nani atalima nalo. Hata hapa ni hivyo hivyo. Katibu achukue daftari, aandike majina ya wanachama wote, halafu mbele ya kila jina ajaze haya: Ana simu janja au kabambe? Simu ni yake, au ni ya mume au ya mtoto? Nyumbani kwake mtandao unashika? Anachaji wapi, na kwa pesa ngapi? Anasoma mwenyewe, au anasomewa?

Swali la simu kuwa ya nani si dogo. Mama akiomba mkopo wa karo na jibu likaingia kwenye simu ya mtu mwingine, siri yake imetoka kabla hata hajaisikia mwenyewe.

Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba watumiaji wa intaneti hawakufika robo ya Wakenya wa miaka 3 na zaidi. Tangu wakati huo wameongezeka. Lakini ninyi hamhesabu Kenya nzima, mnahesabu kikundi chenu. Na msidhani kila simu ya kugusa inatosha. Tangu mwanzo wa 2025 WhatsApp haifanyi kazi tena kwenye simu za Android za toleo lililo chini ya 5.0. Kuna wanachama ambao simu ziliwaacha hivyo hivyo, nao wakadhani wametolewa kwenye grupu.

Kisha pigeni hesabu ya pesa. Mtu akinunua bando la shilingi 10 kila siku ili asome tu habari za kikundi, kwa mwezi ni shilingi 300. Mchango wake wa mwezi kwenu ni ngapi?

2. Jueni kila njia inafanya nini

Meseji ya kawaida. Hii inafika kwenye kila simu, hata ile ya mulika mwizi, na haihitaji intaneti. Herufi zake ni 160. Ukipita hapo unalipia meseji ya pili. Haibebi picha. Ubaya wake ni kwamba anayetuma ndiye anayelipa, kwa hiyo kikundi kitenge pesa za katibu. Uzuri wake ni kwamba anayepokea halipi kitu.

WhatsApp. Hii inabeba picha, sauti na makaratasi. Sauti ni msaada mkubwa kwa asiyesoma: mwenyekiti anaongea kwa Kikamba au Kijaluo, naye anasikiliza. Grupu moja linaweza kuwa na watu 1,024, kwa hiyo hakuna kikundi cha kijiji kitakachojaza. Tangu 2016 maneno yake yanafungwa kutoka simu hadi simu, hata kampuni yenyewe haiyasomi njiani. Lakini nambari za wanachama wote zinaonekana na kila aliye ndani, na mtu akitaka kupiga picha ya maneno yenu na kuyapeleka kwingine, hakuna kufuli la kumzuia.

Telegram. Inaweza kubeba maelfu ya watu, na mwanachama anaweza kuificha nambari yake. Inafaa kwa mafunzo makubwa. Lakini mazungumzo ya grupu hayafungwi kutoka simu hadi simu. Yanawekwa kwenye mitambo ya kampuni. Halafu wanachama wengi hawana programu hiyo, na kumfundisha mtu programu mpya ni kazi ya siku nyingi.

Sanduku la tovuti. Hili ni la wateja, si la wanachama. Kabla ya kuliweka, ulizeni: nani atajibu? Mteja akiuliza bei ya chondo asubuhi na akajibiwa Jumapili, ameshanunua kwingine. Kama hakuna mtu wa kukaa nalo, wekeni nambari ya simu moja ya kikundi na muandike saa za kupiga. Inatosha.

3. Mambo mengine yabaki mkutanoni

Tunajua kikundi kimoja cha akina mama wafugaji wa kuku, jina tunalificha. Walikuwa wanachama 24, na 15 kati yao walikuwa na WhatsApp. Mkutano ukasogezwa kutoka Alhamisi hadi Jumanne, na habari ikatolewa kwa WhatsApp peke yake. Jumanne hiyo wakakubaliana kuongeza mchango. Mama mmoja wa kabambe akafika Alhamisi, akakuta mahali ni patupu. Mkutano uliofuata akasomewa faini ya shilingi 200 kwa kukosa, na mchango mpya ambao hakuwahi kuulizwa. Hakugombana. Aliomba akiba yake, akaenda. Wenzake watatu wakamfuata. Grupu lile la WhatsApp lilikuwa linafanya kazi vizuri kabisa. Kilichovunjika ni kikundi.

Kwa hiyo wekeni sheria na muiandike katika katiba yenu. Simu ni ya kutangaza, kukumbusha, kuulizana bei za soko na kupeana pole. Lakini kupiga kura, kuongeza mchango, kutoa mkopo, kumtoza mtu faini au kumwondoa mwanachama ni mambo ya kukaa pamoja na kutazamana. Hata ugomvi msiumalize kwa simu. Maneno yaliyoandikwa kwa hasira hayana uso, na kesho yake bado yapo.

4. Ni nani anashika funguo?

Mara nyingi grupu hufunguliwa na kijana mmoja mwerevu. Kijana akipata kazi Mombasa au akibadilisha nambari, grupu linabaki bila mwenyewe. Wasimamizi wawe wawili au watatu, na mmoja wao awe mwanamke. Wawe wamechaguliwa, kama mnavyomchagua mweka hazina, na wanaotoka ofisini wakabidhi.

Kuna pia wezi. Mtu anapiga au anaandika, anajifanya mnamjua, anaomba zile nambari sita ulizotumiwa kwenye simu. Ukimpa, amechukua WhatsApp yako. Baada ya dakika chache anawaandikia wenzako kwa jina lako: "Nimepata shida, nitumie kitu kwa M-Pesa." Nambari hizo sita hapewi mtu yeyote, hata mwenyekiti. Wekeni pia ule uthibitisho wa hatua mbili ulio kwenye mipangilio ya WhatsApp. Na ukiombwa pesa kwa meseji, piga simu kwanza usikie sauti.

Msitupe nakala za vitambulisho, madeni ya watu au habari za magonjwa kwenye grupu. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na habari za mtu ni mali yake. Hata kama sheria isingekuwepo, deni la jirani si la kutangazwa.

5. Siku mtandao ukizima

Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp ilizimika dunia nzima kwa saa kama sita. Novemba 2023, wakati wa mtihani wa KCSE, Telegram ilitatizika hapa Kenya siku kadhaa. Anayetegemea njia moja hukwama siku kama hizo. Daftari la kikundi halizimiki. Kila kilichokubaliwa kiandikwe humo na kitiwe sahihi.

Ushauri wetu

Kwa vikundi vingi vya kijijini tunaona hivi: meseji ya kawaida ndiyo iwe tangazo rasmi. Siku, saa na mahali pa mkutano ni lazima vitumwe kwa meseji kwa kila mwanachama, na asiyetumiwa asitozwe faini. WhatsApp iwe ya nyongeza kwa wenye nayo: picha za kuku wagonjwa, bei, salamu. Asiye na simu kabisa apewe jirani wa kumpasha habari, na jina la huyo jirani liandikwe daftarini.

Njia nzuri si ile iliyo na mambo mengi. Ni ile inayomfikia yule mwenye simu ndogo kuliko wote. Akifikiwa yeye, wote mmefikiwa.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Kati yetu, ni wangapi hawafikiwi na WhatsApp? Wataje kwa majina.
2. Ni jambo gani tuliloamua kwa simu mwaka huu ambalo lilistahili kikao?
3. Msimamizi wa grupu letu akiondoka leo, ni nani anabaki na funguo?
4. Mkutano ujao, nani atakuja na daftari la kuhesabu simu?