Mawe ya Chini ya Bahari na Hewa ya Oksijeni
(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme kidogo juu ya sayansi, na harufu ya pilau inanihimiza nisirefushe.

Sote tulifundishwa kwamba oksijeni hutengenezwa na mimea kwa nguvu ya jua. Mnamo Julai 2024 wataalamu wakiongozwa na Andrew Sweetman, wa Scotland, walitangaza kwamba wameiona ikiongezeka kwenye kina cha mita 4,000 hivi, katika Pasifiki kati ya Hawaii na Mexico, gizani kabisa. Huko chini kumetapakaa mawe meusi mfano wa viazi, yenye manganizi, nikeli, shaba na kobalti. Jiwe moja hukua milimita chache tu kwa miaka milioni.

Sweetman aliliona jambo hilo tangu 2013, akadhani vipimo vimeharibika. Baadaye alipima kwa njia ya zamani ya Winkler, ya kudondosha dawa katika maji, ambayo kijana wa Kidato cha 6 anaiweza. Jibu likawa lilelile. Juu ya mawe wakakuta umeme wa hadi volti 0.95.

Hapo, vijana, tulieni kidogo. Kuyatenganisha maji ya bahari kwataka kama volti 1.5, yaani betri moja ya tochi. Basi 0.95 haitoshi. Sweetman asema huenda mawe yakigusana hujumlisha nguvu, kama betri zinavyopangwa ndani ya tochi. Wapinzani wanauliza: betri huisha, je, jiwe hili hujazwa na nini? Wengine wasema ni hewa iliyonaswa ndani ya chombo cha kupimia. Kwangu swali la betri ndilo zito.

Si ubishi wa maabara tu. The Metals Company, iliyogharimia sehemu ya uchunguzi na inayotaka kuyachimba mawe hayo, iliyakataa matokeo. Kobalti nyingi ya dunia hutoka Kongo, kwa hiyo hata mchimbaji wa Kolwezi yumo. Nasi tumo: Sheria ya Bahari ya 1982, ambayo Tanzania iliiridhia 1985, yasema madini hayo ni urithi wa binadamu wote.

Mwalimu wa kemia amekubali kutoa betri za tochi. Tieni asidi kidogo katika maji, anzeni na betri moja, kisha mbili, mkahesabu mapovu.