Siku ya Igisoro ya Kirafiki: Kete Zote Hubaki Ubaoni
(Hotuba ya afisa wa polisi jamii kwa wachezaji wa igisoro, Batsinda, Kigali)



Igisoro ni vita, ila ni vita ambavyo askari wake ni kete na uwanja wake ni ubao. Walakini ugomvi wa ubaoni ukiachwa bila mwongozo waweza kuhamia mikononi. Ndiyo maana tumekutana kabla ya mchezo, si baada yake.

Mgeni kutoka Uganda amezoea omweso. Wa Tanzania amelelewa na bao la Kiswahili. Michezo hii mitatu ni ndugu: safu nne, mashimo manane kila safu, kete 64. Lakini ndugu hawafanani kwa yote. Katika igisoro, kila mchezaji hutandaza kete nne nne katika mashimo manane ya upande wake. Katika bao la Kiswahili, huanza na kete kumi ubaoni na 22 mkononi, naye hulinda nyumba yake. Mchezaji wa bao akiona safu ya mbele ya mwenzake imekauka, husimama kudai ushindi. Wa igisoro angali anazitazama kete zake za nyuma, akijua kwamba bado ana mwendo. Hapo kila mmoja ana haki kwa sheria za kwao, na kila mmoja humwona mwenzake mwongo. Basi kila meza itangaze ni mchezo gani unaochezwa, sheria zisomwe kwa sauti, na mgeni apewe duru moja ya kujizoeza isiyohesabiwa.

Pili, tusiwatoe watu mapema. Aliyeamka alfajiri kuja Batsinda hastahili kushindwa mara moja kisha akae akitazama hadi jioni. Kila mtu acheze duru tatu, na duru ya kwanza awekwe na mtu asiyemfahamu.

Tatu, kila kundi la meza liwe na waamuzi wawili wazee, mmoja mwenyeji na mmoja mgeni. Kete ikishaachwa shimoni isirudishwe. Ukizuka ubishi, zihesabiwe kete. Zikipatikana 63, itafutwe moja chini ya meza kabla ya kutafutwa mwizi.

Nne, fedha isiwekwe ubaoni. Kuweka dau ni kamari, na kamari isiyo na kibali ni kosa. Tena dau humgeuza rafiki kuwa mdai, na mtazamaji kuwa mchochezi. Atakayeshinda tumpigie makofi, kisha sote tunywe chai ya chungu kimoja.

Tano, tuzingatie saa. Mchezo usigongane na umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na uishe mapema ili wageni wafike mpakani kungali mchana. Mje na mrudi kwa vituo rasmi, Rusumo, Kagitumba au Gatuna, mkiwa na hati zenu. Njia ya panya huonekana fupi, lakini anayeipita akipatwa na jambo usiku hana shahidi wala msaada wa karibu. Sisi wa mipakani twajua thamani ya mlango ulio wazi: Gatuna ilifungwa Februari 2019, ikafunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022. Tuutumie mlango huo kwa heshima.

Ndugu zangu, katika michezo yetu yote mitatu, kete iliyoliwa haitupwi nje. Hupandwa upya upande wa aliyeila, na kesho yaweza kurudi ilikotoka. Mchezo ukiisha, zote 64 zingali pale. Nasi tukiagana jioni, tuhesabiane hivyo hivyo: pasipungue hata mmoja.