Kushusha Kuni kutoka Milima ya Uluguru

Kuni zilizopasuliwa kwenye miteremko ya Uluguru hufikishwa barabarani kwa njia za kienyeji. Penye njia nyembamba, mzigo hufungwa kamba sehemu mbili na kubebwa kichwani juu ya ngata ya kitambaa au majani ya mgomba. Ngata hutawanya uzito na kuzuia mzigo usiteleze. Njia inapopanuka, baiskeli au pikipiki hupokea mzigo. Kwenye tambarare za Morogoro, mkokoteni hubeba zaidi, mradi uzito ulale juu ya ekseli. Kuni zikianikwa kwanza hupungua maji, hivyo huwa nyepesi. Kabla ya kupakia kuni za biashara kwenye gari, kibali cha kusafirisha mazao ya misitu ni lazima.