Mlipuko wa Ugonjwa na Wakimbizi wa Ndani Bunia

Ugonjwa wa mlipuko haumpati kila mtu sawasawa. Aliyekimbia vita hupatwa upesi kuliko anayelala nyumbani kwake.

Mji wa Bunia, mashariki mwa Kongo, unalijua jambo hili. Tangu mwisho wa 2017, vita vya eneo la Djugu vimeleta mjini maelfu ya familia. Wengi waliishia kambini, kama pale Kigonze. Korona ilipoingia Kongo mwaka 2020, Ebola ilikuwa haijatangazwa kwisha mashariki mwa nchi, na surua ilikuwa ikiua watoto. Watu waliambiwa wanawe mikono, wasisongamane, wabaki nyumbani. Lakini kambini familia nzima hulala chini ya turubai moja. Maji hupangiwa foleni ya vidumu. Na mama anayeishi kwa kibarua, akibaki nyumbani, watoto hulala njaa. Huo si ukaidi, na ni dhuluma kuuita hivyo. Ni kukosa nafasi, maji na pesa.

Ndiyo maana aliyekimbia vita hupatwa upesi. Tena hukawia kutibiwa, kwa kuogopa gharama na kunyooshewa kidole.

Msikilizaji uliye kambini: ukiona homa, kikohozi au kuhara, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kadi ya chanjo ikipotea njiani, mpeleke mtoto kuchanjwa hivyo hivyo, umweleze muuguzi. Chanjo za kawaida za watoto ni bure.

Nawe mwenyeji wa Bunia, usimfukuze mkimbizi kisimani. Mwachie achote maji, mpe sabuni ukiwa nayo, na akiugua msindikize kwa muuguzi.