Somo la Ufundi: Viguzo vya Baraza

Fungueni madaftari. Leo tutatengeneza viguzo vya zege vya ukingo wa baraza.

Tengeneza kalibu ya mbao, upana sentimita 8 kila upande. Ipake mafuta ndani ili zege isigande. Toboa tundu katikati ya kila mwisho, upitishe nondo ya milimita 8. Ncha zake zichomoze, zipate kushikana na baraza.

Changanya ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga, na 3 za kokoto ndogo. Mchanga wa ufukoni usiutumie, chumvi yake hula chuma. Maji yawe haba. Fundi mvivu hupenda zege ya majimaji kwa kuwa humiminika upesi, lakini maji yakitoka huacha vitundu, na kiguzo huwa dhaifu. Mimina kidogo kidogo, ukigonga kalibu mpaka mapovu yaishe.

Baada ya siku 2 fungua taratibu. Hapa ndipo wengi huharibu kazi, maana kiguzo huonekana kigumu nacho bado kichanga. Kifunike kwa magunia, uyanyunyizie maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Zege haiwi ngumu kwa kukauka, bali kwa kunywa maji.

Ukivisimamisha, nafasi kati ya kiguzo na kiguzo isifike sentimita 10, mtoto asije akapenya akaanguka. Kisha sukuma kila kimoja kwa nguvu zako zote. Kikicheza, kiondoe.

Juma lijalo tutaweka boriti ya juu. Kwaherini.